Kuonja Utamu wa Filamu za Makala: Mwongozo Kamili wa Mtazamaji Anayeanza

Wanaosema filamu za makala, yaani dokumentari, zinachosha mara nyingi wamechoshwa na namna walivyozitazama. Walianza na filamu ndefu kupita kiasi, usiku wakiwa wamechoka, simu mkononi, juu ya mada waliyoambiwa ni muhimu ilhali mioyo yao haikuwa na swali lolote kuihusu. Dokumentari haimbembelezi mtazamaji kama tamthilia. Humpa zaidi yule anayekuja akitaka kujua kitu, na humpa mara mbili yule anayejua filamu hiyo imetengenezwaje. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kwa mfuatano wa kuzifanya, tangu kuchagua filamu ya kwanza hadi kuijadili baada ya kuitazama.

Hatua ya 1: Anza na swali

Chukua karatasi uandike maswali matano ambayo ungemuuliza mtaalamu kama angeketi mbele yako kwa saa moja. Yawe maswali yenye kitendo ndani yake: ndege wanaohama hujuaje njia? Nguzo za daraja husimamishwaje katikati ya maji ya kina kirefu? Mtu aliyefungwa kwa kosa la mwingine hutokaje gerezani? Usiandike “historia” wala “mazingira”. Mada pana kama hizo zikiingizwa kwenye kisanduku cha kutafutia huleta filamu zilizotangazwa sana, ambazo huenda hazigusi hata kidogo kile unachokitamani.

Soma maswali yako matano kesho yake. Lile ambalo bado linakuwasha ndilo la kuanza nalo, hata kama unaliona dogo. Filamu ya dakika 30 kuhusu namna piano inavyotengenezwa, ikitazamwa na mtu anayetaka kweli kujua, humfungulia njia kuliko filamu ya saa mbili kuhusu uchumi wa dunia anayoitazama kwa kujilazimisha. Kwa filamu tano za mwanzo, kaa kati ya dakika 25 na 60.

Hatua ya 2: Jua aina ya filamu uliyonayo

Kila aina hutazamwa kwa namna yake, na wengi huacha filamu nzuri kwa sababu wanasubiri kutoka kwake kitu ambacho haikuahidi.

Kuna filamu za msimulizi, ambapo sauti inaeleza na picha zinathibitisha. Nyingi za wanyama na sayansi ni za namna hii, na ndizo rahisi kuanzia. Kuna za mahojiano na picha za kumbukumbu, zinazotumika sana kwa historia na wasifu. Kuna zile ambazo mtengenezaji mwenyewe anaingia ndani, anauliza, anabishana, anabadilika mbele ya kamera.

Halafu kuna filamu za kuchunguza kimyakimya, na hapa ndipo wanaoanza hujikwaa. Karibu na mwaka 1960 kamera za kubebwa begani na vinasa sauti vyepesi vilianza kufanya kazi kwa pamoja, na watengenezaji wakaweza kumfuata mtu hadi chumbani bila kumpangia la kufanya. Mmarekani Frederick Wiseman, tangu filamu yake ya kwanza ya mwaka 1967, alitengeneza filamu ndani ya hospitali, shule, mahakama na maktaba bila msimulizi, bila mahojiano na bila muziki wa kuongezwa. Hakuna anayekwambia uangalie nini. Mtazamaji aliyezoea kuelezwa huona “hakuna kinachotokea”, kumbe mambo yanatokea kwenye mikono, kwenye macho, kwenye namna karani anavyomwacha mtu asimame dakika tatu kabla ya kumwitikia. Aina hii ina utamu wa pekee, lakini iache hadi umetazama filamu sita au saba za aina nyingine, na uanze na isiyozidi dakika 90. Baadhi ya filamu za Wiseman huvuka saa tatu.

Hatua ya 3: Ikague kabla ya kuifungua

Dakika tano zinatosha. Tafuta jina la mwongozaji, mwaka wa kutoka, urefu wake na aliyelipia utengenezaji. Mwaka una uzito mkubwa katika filamu za sayansi na tiba: maelezo ya miaka ishirini iliyopita kuhusu jeni au sayari huenda yamerekebishwa. Mfadhili naye ana uzito. Filamu kuhusu sukari iliyolipiwa na wauza sukari inaweza kuwa na ukweli mwingi, ila itazame ukijua ni nani ameshika kalamu.

Angalia pia urefu. Filamu moja huweza kuwa na matoleo mawili: la sinema la takribani dakika 90 na la runinga la takribani dakika 52, lililokatwa ili kuacha nafasi ya matangazo ndani ya saa moja. Ukikuta kwamba watu wanasifu tukio ambalo hukuliona, huenda ulipata toleo fupi.

Jihadhari na video zinazojiita dokumentari lakini zimetungwa na kompyuta. Dalili zake zinajirudia: hakuna jina la mwongozaji wala la mpigapicha, sauti ya msimulizi haina pumzi na hutamka vibaya majina ya watu na miji, picha zilezile zinarudi kila baada ya dakika chache bila kuhusiana na maneno, na hakuna hata mtu mmoja anayehojiwa kwa jina. Ukiona mbili kati ya hizi, funga.

Kwa filamu za halali zisizo na malipo, mahali pazuri pa kuanzia ni tovuti ya National Film Board of Canada, taasisi ya filamu iliyoanzishwa mwaka 1939, ambayo imeweka wazi maelfu ya kazi zake, na Internet Archive, maktaba ya mtandaoni yenye filamu nyingi za zamani zilizokwisha muda wa hakimiliki. Mashirika ya utangazaji ya umma nayo huweka makala zao kwenye chaneli zao rasmi. Chagua chaneli ya shirika lenyewe; nakala zilizopakiwa na watu wengine mara nyingi zimekatwa, zimegeuzwa kushoto kulia au zimeongezwa kasi ili kukwepa ukaguzi.

Hatua ya 4: Andaa kifaa, sauti na mwanga

Sauti kwanza, kabla ya ukubwa wa kioo. Katika dokumentari maneno ndiyo yanayobeba hoja, na spika ndogo za runinga nyembamba hupiga kuelekea nyuma au chini, hivyo sauti za watu hufifia chini ya muziki. Hedifoni za kawaida hutatua tatizo hili. Kama unatumia runinga, tafuta kwenye mipangilio ya sauti chaguo la kukuza mazungumzo. Manukuu, yale maandishi ya chini ya picha, yawashe hata kama unaijua lugha. Husaidia sana kwa majina ya watu, mahali na istilahi utakazotaka kuzitafuta baadaye.

Kwenye mipangilio ya picha, zima kipengele cha kulainisha mwendo. Kila kampuni hukiita kwa jina lake, lakini kazi yake ni moja: runinga hubuni picha za ziada kati ya picha halisi. Filamu nyingi hupigwa kwa picha 24 au 25 kwa sekunde, na kipengele hiki huzifanya zionekane kama zimerekodiwa kwa kamera ya bei nafuu. Keti kwa umbali wa mara moja na nusu hadi mara mbili na nusu ya upana wa kioo unaopimwa pembe hadi pembe. Runinga ya inchi 43 ina pembe hadi pembe ya sentimita 109, kwa hiyo kiti kiwe kati ya mita 1.6 na 2.7. Taa ndogo nyuma ya runinga hupunguza uchovu wa macho. Taa inayoakisi kwenye kioo huua picha za usiku na za chini ya bahari.

Kuhusu bando, makadirio ya kupangia ni haya: ubora wa mistari 480 hula takribani nusu hadi robo tatu ya gigabaiti kwa saa, mistari 720 hula takribani moja hadi moja na nusu, mistari 1080 huweza kufika tatu, na 4K hufika saba. Filamu ya mahojiano haipotezi kitu kikubwa ukiitazama kwa 480 kwenye simu. Filamu ya miamba ya matumbawe hupoteza nusu ya uzuri wake. Kama mtandao unasitasita, pakua mapema ndani ya programu yenyewe badala ya kutazama huku picha ikigandaganda, maana kila mgando unakurudisha kwenye simu yako.

Simu hiyo, kama siyo unayotazamia, iende chumba kingine. Kuigeuza kifudifudi hakutoshi.

Hatua ya 5: Dakika 15 za mwanzo

Usifanye lolote isipokuwa kutazama. Usiandike, usitafute majina. Filamu nzuri hutumia dakika hizi kukufundisha mwendo wake: itaeleza kwa maneno au kwa picha? Itamfuata nani? Inauliza nini? Zikifika dakika 15, jiulize: ningependa kujua kitakachofuata? Jibu likiwa ndiyo, hata ndiyo hafifu, endelea hadi mwisho. Likiwa hapana, acha bila kujilaumu, lakini andika sababu kwa maneno matatu. “Msimulizi anasema mno.” “Muziki unanisukuma.” Baada ya filamu kumi, sababu hizo zitakuchorea ladha yako kuliko orodha yoyote ya filamu bora.

Sheria ya dakika 15 haifai kwa filamu za kuchunguza kimyakimya. Hizo zipe 30.

Hatua ya 6: Jifunze kuona mkono wa mtengenezaji

Hapa ndipo penye raha kubwa, na ndipo pia mtazamaji anapopata kinga. Wengi hudhani kwamba ukijua filamu imepangwa utaacha kuifurahia. Huwa kinyume. Anayejua upishi huonja chakula kwa undani zaidi.

Neno “dokumentari” kwa maana ya filamu linahusishwa na Mskoti John Grierson, aliyelitumia katika tahakiki ya mwaka 1926. Miaka minne kabla yake, Robert Flaherty alikuwa ametoa Nanook of the North, filamu ya 1922 kuhusu familia ya Wainuit kaskazini mwa Kanada. Mhusika mkuu hakuitwa Nanook. Jina lake lilikuwa Allakariallak. Watu wake walikuwa tayari wanatumia bunduki, lakini kwenye filamu wanawinda kwa chusa kama wazee wao. Nyumba ya barafu ilijengwa ikiwa na upande mmoja wazi, kwa sababu kamera ya wakati ule isingepata mwanga ndani. Hata hivyo baridi ile ni ya kweli, na ustadi wa mikono ile ni wa kweli. Tangu mwanzo, basi, fani hii imebeba uhalisi na upangaji kwa pamoja, na kazi ya mtazamaji ni kutenganisha upangaji unaosaidia kuona na ule unaodanganya.

Linganisha mifano miwili. Katika Night Mail ya mwaka 1936, kuhusu treni ya barua nchini Uingereza, wafanyakazi wanaochambua barua ndani ya behewa walipigwa picha studioni, wakiyumbisha miili yao ili ionekane treni inakwenda. Ni wafanyakazi halisi wakifanya kazi yao halisi. Kilichobadilishwa ni mahali. Sasa chukua White Wilderness ya 1958, iliyopata tuzo ya Oscar. Ilionyesha lemming, panya wadogo wa kaskazini, wakijitupa majini kwa wingi. Wanyama hao waliletwa kutoka kwingine na kusukumwa wadondoke, na lemming hawana tabia ya kujiua. Upangaji wa kwanza unakuonyesha kilichopo. Wa pili umewaachia mamilioni ya watu imani ya uongo inayosemwa hadi leo.

Ukitazama, zingatia mambo manne. Usiyafuatilie yote kwa pamoja. Chagua moja kwa kila filamu.

Mkato, yaani namna picha moja inavyounganishwa na inayofuata. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mrusi Lev Kuleshov aliweka uso uleule wa mwigizaji kando ya picha tofauti, na watazamaji wakauona uso huo una njaa au una huzuni kulingana na kilichouandamia. Kwa hiyo, mwanasiasa anapozungumza kisha ikaonyeshwa sura ya mtu anayekunja uso, jiulize kama wawili hao walikuwa chumba kimoja saa ileile. Tafuta ushahidi: dirisha moja, mwanga mmoja, bega la mmoja kwenye picha ya mwingine.

Kilichoachwa. Hoop Dreams ya mwaka 1994, iliyowafuata vijana wawili wa mpira wa kikapu Chicago kwa takribani miaka mitano, ilitokana na kanda za saa 250 hivi. Iliyotoka haifiki saa tatu. Kila saa unayoiona ina zaidi ya saa 80 nyuma yake ambazo mtu ameamua usizione. Swali la kujiuliza: nani hakuhojiwa hapa, na angesema nini?

Sauti. Katika filamu za wanyama, kamera yenye lenzi ndefu huweza kuwa mamia ya mita kutoka kwa mnyama, na hakuna kipaza sauti kinachonasa nyayo za chui kutoka huko. Nyayo hizo kwa kawaida hutengenezwa studioni. Pia “simba mmoja” wa hadithi huweza kuwa simba watatu waliopigwa picha kwa misimu miwili. Jaribu hili: tazama dakika mbili bila sauti, kisha rudia na sauti. Ukikuta hofu yote ilikuwa kwenye muziki, umejifunza jambo.

Uigizaji wa matukio. Hauna ubaya kama filamu inakiri. The Thin Blue Line ya Errol Morris, ya mwaka 1988, iliigiza mauaji ya polisi mmoja wa Texas mara nyingi, kila mara kwa mujibu wa shahidi tofauti, hadi mtazamaji akaona ushahidi ukigongana wenyewe kwa wenyewe. Mtu aliyekuwa ametiwa hatiani kwa mauaji hayo aliachiwa mwaka uliofuata. Tatizo huja pale picha iliyoigizwa inapochanganywa na ya kumbukumbu bila alama yoyote. Dalili ni usafi: picha ya mwaka 1915 isiyo na mtikisiko, yenye uso wa karibu na mwanga wa kupendeza, karibu kila mara ni ya juzi.

Hatua ya 7: Andika kidogo, hakiki kidogo

Daftari lenye safu tatu linatosha: jina, namba, swali. Kando ya kila moja weka dakika uliyoisikia, mfano 34:10, ili urudi bila kutafuta. Usiandike zaidi ya mistari kumi. Anayeandika kila kitu anaacha kutazama, na picha ndizo zilizokuleta.

Kesho yake, si usiku uleule, chukua namba moja na dai moja uvihakiki katika vyanzo viwili visivyonakiliana: ensaiklopidia, kitabu, au ripoti ya taasisi husika. Chagua dai lililokushtua zaidi, kwa kuwa ndilo utakalowasimulia watu. Likithibitika, limekuwa lako. Likiyumba, usiitupe filamu nzima. Tafuta kama kosa ni la kiini au la pembeni.

Kutazama na wengine

Watu watatu hadi sita ndio idadi inayofaa. Zaidi ya hapo wawili husema na wengine husikiliza. Baada ya filamu kaeni dakika moja kimya, kisha kila mtu ataje picha moja aliyobaki nayo kabla ya yeyote kutoa maoni. Utaratibu huu mdogo hubadilisha mazungumzo yote, kwani maoni huanzisha mabishano ilhali picha huwarudisha wote kwenye filamu.

Kwa watoto wa miaka mitano hadi minane, dakika 15 hadi 25 zinatosha, na kidole kiwe kwenye kitufe cha kusimamisha. Wakiuliza, simamisha ujibu. Kwao maswali ndiyo filamu yenyewe. Tazama peke yako kwanza filamu yoyote ya wanyama, maana nyingi zina windo linaloishia kwa kifo cha mtoto wa mnyama. Si lazima ulifiche, ila uwe umejiandaa.

Filamu nzito na filamu ndefu

Filamu kuhusu vita, mauaji ya halaiki au maradhi zitazamwe mchana au mapema jioni, na kusiwe na nyingine baada yake siku hiyo. Shoah ya Claude Lanzmann, kuhusu mauaji ya halaiki ya Wayahudi, iliyotoka mwaka 1985, ina zaidi ya saa tisa na haitumii hata picha moja ya kumbukumbu. Ni watu wanaozungumza na mahali palivyokuwa wakati wa kurekodi. Haikusudiwi kumezwa kwa mkupuo. Igawe kwa siku nne au tano, na uache siku moja katikati.

Mifululizo ya majukwaa ya kulipia ina tatizo jingine: hadithi ya dakika 90 kuvutwa hadi vipindi sita. Utaitambua kipindi cha pili kinapotumia zaidi ya dakika tano kurudia cha kwanza, na kila kipindi kinapoishia kwenye fumbo linalojibiwa kwa sentensi moja mwanzoni mwa kinachofuata. Ukiona hivyo, tafuta kama tukio hilohilo lina filamu moja kamili. Mara nyingi ipo.

Lakini upo mfululizo mmoja ambao kurudia ndiyo nguvu yake. Seven Up! ilianza Uingereza mwaka 1964 na watoto 14 wenye umri wa miaka saba, na watengenezaji wakarudi kwao kila baada ya miaka saba, hadi walipofika 63 mwaka 2019. Kila sehemu inabeba vipande vya zilizotangulia, kwa hiyo ukizitazama mbili kwa siku moja utachoka na marudio. Anza na ile ya 1964, kisha moja kwa mwezi. Kabla ya kufungua inayofuata, andika unachodhani kimempata kila mmoja wao, na uliweke karatasi hilo kando ya kiti.